Tone la Damu Kabla ya Sindano

Mtoto wa miaka mitatu akipata maambukizi makali mwili huchemka, hulia, hutapika, na nyumba nzima ikajua kuna jambo. Mtoto wa siku tatu hulegea tu. Hunyonya kidogo akaachia titi, hulala kuliko alivyolala jana, miguu yake hupoa. Bibi atasema ni mchango. Jirani atasema degedege linanyemelea. Mama ataambiwa asubiri hadi kesho, kwa sababu watoto wachanga ndivyo walivyo, na kesho ikifika mtoto hashtuki hata akifinywa.

Ugonjwa huo ni bakteria kwenye damu. Wataalamu tunauita sepsisi ya mtoto mchanga: bakteria wameupita ule ulinzi mdogo alionao mtoto, wameingia kwenye mishipa na wanazaliana humo, na mwili katika kujitetea unaanza kujiumiza wenyewe. Shinikizo la damu hushuka, figo na mapafu huchoka, na wakati mwingine bakteria huvuka hadi kwenye utando wa ubongo. Mwendo wake ni wa saa. Kilifi, kwenye pwani hii hii yetu upande wa Kenya, watafiti waliotesha damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya kuanzia mwaka 1998 hadi 2002. Kati ya watoto waliokutwa na bakteria kwenye damu kisha wakafariki, theluthi moja walifariki siku ile ile ya kulazwa. Na kati ya watoto wote waliolazwa wakiwa na umri usiofika siku 60, asilimia 12.8 walikuwa na bakteria kwenye damu.

Makala hii inahusu Handeni na Korogwe, wilaya mbili za Mkoa wa Tanga zilizounganishwa na barabara ya lami ya kilomita zaidi ya 60, kwa sababu suala hili huonekana vizuri zaidi ukilitazama kutoka wilayani kuliko ukilitazama kutoka Dar es Salaam. Mtoto akizidiwa Kwamsisi, Sindeni au Mkata, huanzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya Handeni. Wa Bungu au Vugiri hushuka milima ya Usambara hadi Magunga, hospitali ya Korogwe. Zaidi ya hapo ni Bombo, Tanga mjini, na kutoka Korogwe peke yake hiyo ni safari ya takriban kilomita 100. Kwa hiyo sindano ya kwanza atakayochomwa mtoto huyu, na mara nyingi ya pili na ya tatu, huamuliwa wilayani.

Kitaifa tumefanya kazi ya kujivunia kwa watoto wakubwa. Takwimu za utafiti wa afya ya uzazi na mtoto zinaonyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015-16 hadi 43 mwaka 2022. Chanjo, vyandarua, dawa mseto za malaria na maji vimechangia. Lakini katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilitoka 25 vikafika 24. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto tunaowapoteza kabla ya miaka mitano tunawapoteza katika mwezi wa kwanza. Wengi wao walizaliwa njiti au walichoka wakati wa kuzaliwa, na miongoni mwao, pamoja na wale waliozaliwa wazima kabisa, wapo wanaouawa na maambukizi.

Tanga ina sababu yake ya pekee ya kulitazama jambo hili upya, nayo ni malaria. Katika vijiji vya tambarare vya Korogwe, mwaka 2003, watu 78 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Mwaka 2008 walibaki 13. Kwa miaka mingi homa ilikuwa malaria, na daktari aliyetoa dawa ya malaria bila kupima alikuwa akipatia mara nyingi zaidi ya alivyokosea. Ilipopungua, kilichokuwa kimejificha nyuma yake kikaonekana. Muheza, wilaya jirani, mwaka 2006 na 2007 walioteshwa damu watoto 3,639 waliolazwa na homa katika Hospitali Teule. Watoto 341 walikuwa na ugonjwa wa bakteria uliopenya ndani ya mwili, na baadhi yao walikuwa na malaria papo hapo, hivyo kipimo cha malaria kilichosoma "ndiyo" kingeweza kumfanya mganga aache kutafuta kitu kingine. Watoto wale walikuwa wamevuka miezi miwili. Kwa mchanga wa siku tatu somo ni kali zaidi, kwani malaria ni nadra katika wiki za mwanzo, akiwa bado analindwa na kingamwili za mama na aina ya damu aliyozaliwa nayo. Mtoto mchanga mwenye homa, au aliyepoa kuliko kawaida, achukuliwe kuwa ana bakteria mpaka ithibitike vinginevyo.

Bakteria hao hutoka wapi? Wengine mtoto huwapata njiani wakati wa kuzaliwa. *Escherichia coli* na Streptococcus wa kundi B huishi kwa amani katika utumbo na njia ya uzazi ya mama, wala mama haumwi. Chupa ikipasuka mapema na uchungu ukachelewa, wanapanda. Hao ndio waliotangulia Kilifi kwa watoto wa chini ya siku 60. Ugonjwa wao kwa kawaida huanza ndani ya siku tatu za kwanza. *Staphylococcus aureus* yeye hukaa puani na kwenye ngozi ya watu wazima wazima kabisa, na huingia kwa mtoto kupitia kitovu au mahali palipochomwa sindano.

Kundi la tatu ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu linaishi hospitalini: *Klebsiella pneumoniae*, *Acinetobacter* na ndugu zao. Klebsiella hupenda unyevunyevu. Utamkuta kwenye sinki, kwenye mpira wa kufyonzea makohozi, kwenye chupa ya dripu iliyofunguliwa asubuhi ikatumika hadi jioni kwa watoto watano, na zaidi ya kote kwenye mikono yetu. Acinetobacter huvumilia hata ukavu. Anaweza kukaa juu ya godoro au reli ya kitanda kwa wiki kadhaa akisubiri mgonjwa. Hawa humvamia mtoto aliyelazwa kwa sababu nyingine, njiti wa kilo moja na nusu aliyekuja kupata joto na oksijeni, akaondoka na bakteria wa wodi.

Mwanza imechangia hata jina katika orodha hii. Bakteria waliotolewa kwenye damu ya watoto wachanga waliougua katika Hospitali ya Bugando walichunguzwa kwa vinasaba na kuonekana ni spishi ambayo sayansi ilikuwa haijaitambua. Mwaka 2016 ikatangazwa rasmi kwa jina la *Enterobacter bugandensis*. Miaka miwili baadaye watafiti wa Marekani waliripoti kuwa jamaa zake wa karibu wamepatikana kwenye kituo cha anga za juu cha kimataifa. Walimwengu wengi walilisikia jina la Bugando kwa habari hiyo ya angani. Mimi ningependa lisikike kwa habari ya wale watoto, kwa sababu bakteria wao walikuwa wanazipinga dawa nyingi zilizokuwepo kabatini.

Hapo ndipo tunafika kwenye usugu. Matibabu ya kwanza yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mchanga mwenye dalili za hatari ni sindano mbili kwa pamoja: ampisilini na jentamaisini. Mseto huu ni wa akili sana. Ampisilini huzuia bakteria asijenge ukuta wake, ukuta ukipasuka anakufa. Jentamaisini huingia ndani na kuharibu kiwanda chake cha protini. Moja inawamudu vizuri Streptococcus, nyingine inawamudu E. coli na wenzake, na zikiwa pamoja husaidiana. Ni dawa za bei nafuu, zinajulikana, na zimeokoa watoto wasiohesabika.

Lakini Klebsiella huzaliwa akiwa na kinga dhidi ya ampisilini. Ni maumbile yake, hakujifunza popote. Kwa hiyo mtoto mwenye Klebsiella anayechomwa sindano zote mbili, kwa kweli anategemea jentamaisini peke yake. Bakteria huyo akiwa na usugu wa jentamaisini pia, basi mtoto anachomwa sindano kila siku, karatasi yake imejazwa vizuri, muuguzi ametimiza wajibu wake wote, na hakuna dawa hata moja inayomgusa mdudu. Mama ameketi pembeni anaamini mwanawe anatibiwa.

Ikishindikana hapo, waganga hupanda ngazi hadi seftriaksoni na jamaa zake. Nayo imeshapata adui. Bakteria wengi sasa hutengeneza vimeng'enya vinavyojulikana kwa kifupi cha ESBL, ambavyo huikata molekuli ya dawa hizo kabla haijafanya kazi. Na maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho mara nyingi hukaa kwenye kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa spishi nyingine, kama wanafunzi wanaopitishiana karatasi ya majibu chini ya dawati wakati wa mtihani. Karatasi hiyo huwa na majibu ya maswali mengi. Plasmidi moja inaweza kubeba usugu wa seftriaksoni, wa jentamaisini na wa septrini kwa pamoja. Ndiyo sababu matumizi mabaya ya dawa moja hutuharibia dawa tatu: ukiwaua dhaifu kwa septrini, umewabakiza wale wenye plasmidi, na hao wanakuja na usugu wa jentamaisini mfukoni.

Tanzania iliyaona matokeo yake mapema. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watoto 1,828 waliolazwa walioteshwa damu. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu-hasi, yaani kina Klebsiella na E. coli, walifariki kwa asilimia 43.5. Waliokuwa na malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Zisome tena namba hizo. Katika nchi iliyokuwa imeelekeza macho yote kwenye malaria, mtoto aliyelazwa na bakteria hawa alikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya aliyelazwa na malaria, na utafiti ule ulionyesha kuwa bakteria kuwa sugu kwa dawa aliyopewa mtoto kulichangia kifo chake. Baadaye, kuanzia mwaka 2009, watafiti wa Bugando waliofuatilia watoto wachanga 300 na wa Muhimbili waliofuatilia 330 walikutana na sura zile zile, *Staphylococcus aureus* na Klebsiella.

Duniani hali ni ya namna hiyo hiyo. Utafiti wa BARNARDS, uliokusanya sampuli mwaka 2015 hadi 2017 katika nchi saba za Afrika na Asia, jirani yetu Rwanda na pia Ethiopia zikiwemo, ulipima bakteria wa Gramu-hasi waliotolewa kwa watoto wachanga. Asilimia 97 waliipinga ampisilini, 70 waliipinga jentamaisini. Mseto wa dawa hizo mbili ungeweza kuwamudu asilimia 28.5 tu.

Je, namba hizo ndizo za Handeni? Ndizo za Korogwe? Hapana, na hili ndilo kiini cha ninachotaka kusema. Usugu hauna namba moja ya taifa. Wodi ya hospitali kubwa ya rufaa, inayopokea watoto waliokwishapitia hospitali tatu na dawa nne, ina bakteria wake. Mtoto aliyezaliwa kwenye zahanati ya Kwamkonje akaugua siku ya pili ana bakteria wa mama yake, ambao huenda bado wanasikia jentamaisini vizuri kabisa. Tukichukua namba za Muhimbili tukaandika dawa kali Handeni, tutawapa watoto dawa wasizohitaji na kuuharakisha usugu kuufikisha Handeni. Tukiendelea na ampisilini na jentamaisini kwa imani tu, bila kuangalia, tutawazika watoto ambao wangeweza kupona. Kati ya makosa haya mawili kuna njia moja tu ya kupita, nayo ni kuotesha damu ya mtoto pale pale alipolazwa.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi hudhani ni jambo la mashine za ajabu. Muuguzi husafisha ngozi kwa spiriti, akaisubiri ikauke, akasafisha tena. Huchukua damu mililita moja, sehemu moja tu ya tano ya kijiko kidogo cha chai, na kuitia kwenye chupa yenye supu ya virutubisho. Ifanyike kabla ya sindano ya kwanza ya dawa, kwa maana dawa ikitangulia huwanyamazisha bakteria na chupa ikatoa jibu la uongo. Baada ya hapo sindano ichomwe mara moja, hakuna kusubiri majibu. Chupa huwekwa kwenye joto la mwili, nyuzi 35 hadi 37. Kama bakteria wapo, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili supu huanza kubadilika. Mtaalamu wa maabara huchukua tone, akalipaka kwenye kioo, akalitia rangi. Wakitokea wa zambarau ni Gramu-chanya, wakitokea wa pinki ni Gramu-hasi. Kwa taarifa hiyo peke yake, iliyopigwa kwa simu wodini, daktari tayari anajua aelekee wapi.

Kisha huwapanda bakteria kwenye sahani ya chakula chao ili kuwatambua, na kwenye sahani nyingine anaweka vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Asubuhi yake anachukua rula. Dawa inayofanya kazi imeacha duara safi kuizunguka, dawa iliyoshindwa imezungukwa na bakteria hadi ukingoni. Anapima kwa milimita. Njia hii imetumika kwa zaidi ya nusu karne na bado ni ya kuaminika.

Ugumu uko kwenye nidhamu ya kila siku. Ngozi ikisafishwa haraka haraka, bakteria wa ngozi huingia kwenye chupa na mtoto mzima anatibiwa ugonjwa asio nao. Vidonge vya dawa visipokaa kwenye ubaridi hupoteza nguvu, na bakteria asiye sugu akasomeka sugu. Umeme ukikatika usiku kucha, kabati la joto linapoa. Inahitajika damu ya kondoo au mbuzi ya kutengenezea sahani, inahitajika chupa zisizoisha katikati ya robo ya mwaka, na anahitajika mtu aliyefunzwa asiyehamishwa kila mwaka. Haya ni mambo ya bajeti na usimamizi, na yanawezekana wilayani. Korogwe yenyewe ni ushahidi: ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoifanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, kazi iliyodai maabara ya kiwango cha kimataifa. Sayansi ya juu ilikwishafanyika mjini humo. Kuotesha damu ya mtoto wa kawaida, asiye kwenye utafiti wowote, ni hatua ndogo kuliko ile.

Faida yake huvuka mtoto mmoja. Majibu ya mwaka mzima yakikusanywa yanatoa jedwali: bakteria gani wako hapa, na dawa ipi bado inawaweza. Daktari anayefika usiku wa manane na mtoto aliyelegea hana majibu ya mtoto huyo, lakini ana majibu ya watoto mia waliomtangulia katika wodi hiyo. Na kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Chupa ikikaa kimya na mtoto ameshachangamka, daktari anapata ujasiri wa kusimamisha dawa. Kila sindano inayoachwa kwa haki ni nafasi moja pungufu ya usugu kujijenga.

Maabara peke yake haitoshi bila maji. Handeni inajulikana kwa ukame wake. Vizazi vimekulia kwenye malambo. Mradi wa HTM, unaochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, una historia ya tangu miaka ya 1970, na umeingizwa katika mpango wa kupanuliwa chini ya mradi wa maji wa miji 28. Wengi huuona kama mradi wa kumtua mama ndoo kichwani. Ni hivyo, na pia ni mradi wa kupambana na usugu wa dawa. Muuguzi mkunga asiye na maji ya bomba wodini hawezi kunawa kati ya mtoto na mtoto, hata umpe semina ngapi. Pale maji yanapokatika, spiriti ya kupaka mikononi iwe kando ya kila kitanda.

Na mtoto njiti akae kifuani kwa mama. Muhimbili ilikuwa mojawapo ya hospitali tano zilizoshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowaanzishia watoto wenye uzito mdogo huduma ya kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri watulie kwanza. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa, na walioshukiwa kuwa na sepsisi nao walipungua. Sababu mojawapo inaeleweka kirahisi: mtoto anayelala kifuani hupata bakteria wa ngozi ya mama yake badala ya wale wa wodi, hupata maziwa yake mapema, na hushikwashikwa na mikono michache.

Kitovu nacho kiachwe kikavu. Kisiwani Pemba watoto zaidi ya 36,000 walifuatiliwa katika jaribio la kupaka kitovu dawa ya klorheksidini, na vifo havikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Kama dawa iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo haikuonyesha faida ya wazi, basi majivu, mate na mafuta havina nafasi yoyote.

Wapo wanaouliza kwa nini tusimpe kila mama antibayotiki kabla hajajifungua, tukawatangulia bakteria. Swali ni zuri na limejaribiwa. Jaribio moja lililowahusisha wanawake zaidi ya 29,000, wa Kenya na Kongo wakiwemo, liliwapa azithromaisini wakati wa uchungu. Sepsisi kwa akina mama ilipungua, kwa watoto haikupungua. Jaribio jingine lilifanyika Kenya, Malawi na hapa kwetu katika wilaya hizi hizi za Handeni na Korogwe, likawaongezea baadhi ya wajawazito azithromaisini juu ya dawa ya kuzuia malaria. Haikuongeza faida kwa mimba. Majibu hayo yanatufundisha kutokurupuka kumwaga dawa kwa watu wazima wengi kwa matumaini ya kumlinda mtoto.

Vivyo hivyo matone na sirapu za dukani. Mama anayenunua matone ya antibayotiki kwa ajili ya mchango, akampa mtoto siku mbili akaacha, amefanya madhara mawili: amechelewa hospitali, na amewafunza usugu bakteria wa utumbo wa mwanawe. Muuza duka la dawa muhimu akiletewa habari ya mtoto wa chini ya miezi miwili aliyekataa titi, asiuze kitu. Amuelekeze hospitali, na kama anaweza amtafutie bodaboda.

Dalili zenyewe ni hizi, na kila mzazi azijue kabla mtoto hajazaliwa: kushindwa kunyonya, kutetemeka kwa degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, joto la 37.5 au zaidi, kupoa chini ya 35.5, na kutojongea mpaka aguswe. Moja tu inatosha kuondoka nyumbani, usiku au mchana. Ikiwa hakuna namna kabisa ya kufika hospitali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaruhusu mhudumu aliyefunzwa amtibu mtoto asiye mahututi karibu na nyumbani kwa sindano ya jentamaisini na amoksilini ya kunywa kwa siku saba. Kituo chako cha afya kiulize kama kina mhudumu huyo.

Dawa mpya hazitatufikia haraka. Jaribio la NeoSep1, linaloshirikisha Kilifi na Afrika Kusini, linapima mchanganyiko wa dawa za zamani kama fosfomaisini, flomoksefu na amikasini kwa watoto wachanga, na majibu yake yatachukua muda. Mpaka hapo ampisilini na jentamaisini ndizo tulizonazo, na ni wajibu wetu kujua mahali gani bado zinafanya kazi.

Ombi langu ni kwa madiwani na timu za afya za halmashauri za Handeni na Korogwe, ambao kila mwaka huketi kupitisha Mpango Kabambe wa Afya. Wekeni humo chupa za kuotesha damu za watoto wachanga kwa mwaka mzima, vidonge vya kupimia dawa, kabati la joto lenye umeme wa akiba, na mtaalamu wa maabara mmoja ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Wekeni mstari wake wenyewe wa bajeti, usiofichwa ndani ya "vifaa tiba mbalimbali", ili mwaka ukiisha mwananchi aweze kuuliza chupa ngapi zilinunuliwa na ngapi zilitumika.